Mega ya Kasi na Mega ya Kifurushi

ANDIKO LA KIPINDI
Mada: Kubadili vipimo vya kasi ya intaneti
Walengwa: Wakazi wa Dzaleka na ndugu zetu walioko Lilongwe
Muda hewani: Dakika 20
Kwa vikundi vya usikilizaji: Andaeni kalamu, karatasi na simu moja yenye kalkuleta.

[MUZIKI WA KIPINDI UNASIKIKA, KISHA UNASHUKA TARATIBU]

MTANGAZAJI: 

Leo tuna hesabu moja ndogo. Ni ya kuzidisha na kugawanya kwa nane, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Lakini hesabu hiyo inaweza kuamua mambo makubwa: kama maombi yako ya masomo yatafika kabla ya muda kufungwa, kama usaili wako wa video utakatika katikati, na kama kweli kuna haja ya kulipa nauli ya Lilongwe kwenda kutuma faili ambalo lingeweza kutumwa ukiwa umekaa hapa hapa kwako.

Kaa karibu na redio. Tunaanza.

[MUZIKI MFUPI]

1. MEGA IPI UNAYOSEMA?

MTANGAZAJI: Ukipita kwenye kibanda cha kuuza vocha utasikia ndugu zetu wa Kongo wakisema, “Niuzie mega.” Mwingine atasema bando, mwingine kifurushi. Wote wanataka kitu kimoja, yaani kiasi fulani cha intaneti cha kutumia.

Sasa mtu huyo huyo anaona tangazo la intaneti limeandikwa: kasi ya Mbps 10. Anasema moyoni, “Mega 10 kwa sekunde! Basi video yangu ya mega 100 itashuka kwa sekunde 10.” Anaanza kupakua. Zinapita sekunde 10, zinapita 20, inapita dakika nzima, video bado. Anaondoka akiamini ameibiwa.

Mara nyingi hakuna aliyemwibia. Alichanganya vipimo viwili vyenye majina yanayofanana. Mega maana yake ni milioni tu. Swali la kuuliza ni: milioni ya nini? Mega ya kifurushi ni milioni ya baiti. Mega ya kasi ni milioni ya biti. Baiti moja ina biti nane. Video ile ya mega 100 ilihitaji sekunde 80 hata kama mtandao ungekuwa mzuri kabisa.

2. BITI NA BAITI

MTANGAZAJI: Tuanze na kilicho kidogo. Biti ndiyo chembe ndogo kuliko zote katika kompyuta na simu. Ina hali mbili tu, sifuri au moja, kama tochi ambayo ama imewaka ama imezimwa.

Biti moja peke yake haisemi mengi. Ukizifunga nane pamoja unapata baiti, na baiti moja inatosha kuhifadhi herufi moja ya kawaida. Neno “Dzaleka” lina herufi saba. Basi linachukua baiti 7, ambazo ni biti 56.

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mtu akikuuzia vibaba 20, huwezi kurudi nyumbani na kusema umenunua pishi 20. Utagawanya kwanza kwa nne, upate pishi 5. Biti na baiti ni hivyo hivyo, ila hapa tunagawanya kwa nane.

Wewe uliyesoma kwa Kifaransa, uliyetoka Kongo, Burundi au Rwanda, una njia rahisi ya kukumbuka. Kifaransa huita baiti “octet”, na ndani ya neno hilo kuna nane. Ndiyo maana simu iliyowekwa kwenye Kifaransa inaandika Ko, Mo na Go. Usibabaike. Mo ya simu yako na MB ya simu ya jirani yako ni kitu kimoja. Ko ni KB. Go ni GB.

[KENGELE]

MTANGAZAJI: Sasa tazama herufi zenyewe, kwa sababu tofauti yote imefichwa kwenye ukubwa wa herufi b.

- b ndogo ni biti. Mbps, au Mb/s, ni megabiti kwa sekunde. kbps ni kilobiti kwa sekunde.
- B kubwa ni baiti. MB ni megabaiti. MB/s ni megabaiti kwa sekunde. KB/s ni kilobaiti kwa sekunde.

Kwa kawaida wanaouza kasi huihesabu kwa biti, na wanaouza kiasi hukihesabu kwa baiti. Kifurushi chako ni baiti. Ukubwa wa picha, wimbo, video au cheti ulichopiga picha ni baiti. Nafasi kwenye memori kadi ni baiti. Lakini kasi kwenye tangazo, na kasi inayoonyeshwa na programu za kupima mtandao kama Speedtest au fast.com, ni biti.

Kwa nini kasi ilibaki kwenye biti? Kwa sababu waya na mawimbi hupeleka biti, moja baada ya nyingine, na mafundi wa simu walizihesabu hivyo tangu zamani. Simu ya kidijitali, kwa mfano, ilipangiwa kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti ya mtu mmoja.

Simu nyingine huonyesha kasi juu ya kioo, karibu na alama ya betri, na mara nyingi hutumia KB/s, yaani kilobaiti. Ndipo mtu aliyeahidiwa Mbps 2 anaona 250 na kushangaa. Hebu tupige hesabu: 250 mara 8 ni kilobiti 2,000. Kilobiti 1,000 ni megabiti moja. Kwa hiyo hizo ni megabiti 2 kamili. Amepata alichoahidiwa.

3. NAMBA NNE ZA KUANDIKA UKUTANI

MTANGAZAJI: Shika kalamu. Namba hizi nne ukizijua, mengine yote utayapata mwenyewe. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni sawa na:

- Kilobiti 1,000 kwa sekunde
- Kilobaiti 125 kwa sekunde
- Megabaiti 7.5 kwa dakika
- Megabaiti 450 kwa saa

Narudia kwa wanaoandika. Megabiti moja kwa sekunde ni kilobiti elfu moja kwa sekunde. Ni kilobaiti mia moja ishirini na tano kwa sekunde. Ni megabaiti saba na nusu kwa dakika. Ni megabaiti mia nne na hamsini kwa saa.

Kasi ikiwa megabiti 2, zidisha kila namba kwa mbili. Ikiwa nusu megabiti, gawanya kwa mbili.

Pengine utasikia mtu akibisha kwamba kilo ya kompyuta ni 1,024 na si 1,000. Ni kweli, mashine nyingine huhesabu hivyo ukubwa wa mafaili. Kwenye megabaiti tofauti haifiki asilimia 5. Kwa safari yetu ya leo tuiache. Anayekosea kati ya biti na baiti hukosea mara nane, na hilo ndilo linaloumiza.

4. HESABU YA MUDA

MTANGAZAJI: Unataka kujua faili litachukua muda gani? Hatua ni tatu.

Kwanza, tazama ukubwa wa faili kwa megabaiti. Fungua picha au hati kwenye simu, ingia kwenye maelezo yake, utaukuta.

Pili, zidisha kwa 8 ili upate megabiti.

Tatu, gawanya kwa kasi yako ya Mbps. Jibu ni sekunde. Ukitaka dakika, gawanya tena kwa 60.

Kuna ushauri mmoja hapo. Katika hatua ya pili, zidisha kwa 10 badala ya 8. Faili halisafiri peke yake. Hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubeba anwani ya kinakokwenda, kama bahasha inavyoongeza uzito wa barua. Kipande kikipotea njiani hutumwa tena. Ukizidisha kwa 10 umeweka akiba ya njiani, na hesabu ya kichwani inakuwa nyepesi zaidi.

[MUZIKI MFUPI]

5. VYETI 12 NA SAA SITA USIKU

MTANGAZAJI: Tuchukue mfano wa dada anayeomba nafasi ya masomo. Masomo ya chuo kwa njia ya intaneti si jambo geni Dzaleka, maana mpango wa Wajesuiti wa elimu ya juu ulianza hapa mwaka 2010. Dada yetu ana picha 12: vyeti, barua na kitambulisho. Kila picha ni megabaiti 4. Jumla ni megabaiti 48. Maombi yanafungwa saa 6 usiku.

Je, apande minibasi kwenda Lilongwe kutafuta intaneti ya kasi? Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 40. Ina nauli ya kwenda na kurudi, ina suala la kibali cha kutoka kambini, na inakula siku nzima. Kabla ya kufunga safari, afunge hesabu.

Anachohitaji ni kasi ya kupakia, si ya kupakua. Kupakua ni kuvuta faili kutoka mtandaoni lije kwako. Kupakia ni kulisukuma kutoka kwako liende. Kwenye simu zetu, mara nyingi kasi ya kupakia ni ndogo kuliko ya kupakua, na matangazo hupenda kutaja ile kubwa. Anayetuma vyeti atazame namba ya kupakia.

Tuseme kasi yake ya kupakia ni nusu megabiti, yaani 0.5 Mbps. Megabaiti 48 mara 10 ni 480. Gawanya kwa 0.5, unapata sekunde 960. Hizo ni dakika 16. Hana sababu ya kwenda Lilongwe. Achaji simu, akae mahali penye mawimbi mazuri, atume.

Sasa tuseme mtandao umezidiwa na kasi ni kilobiti 64 tu. Kilobiti 64 ni megabiti 0.064. Chukua 480, gawanya kwa 0.064. Unapata sekunde 7,500, ambazo ni saa 2 na dakika 5. Akianza kutuma saa 4 usiku, muda utafungwa saa 6 kabla faili la mwisho halijafika. Inambidi aanze saa 3, au apunguze mzigo.

Kupunguza mzigo ndiko kunakookoa. Cheti kinasomeka vizuri hata picha ikiwa nusu megabaiti. Simu nyingi zina sehemu ya kupunguza ukubwa wa picha, na zipo programu za kuskani hati zinazotoa faili dogo. Picha 12 za nusu megabaiti ni megabaiti 6. Sita mara 10 ni 60. Gawanya kwa 0.064, unapata sekunde 937 na kitu, ambazo hazifiki dakika 16. Kwa mtandao ule ule dhaifu, saa mbili zimekuwa robo saa. Baada ya kupunguza, fungua kila picha uhakikishe majina, tarehe na mihuri vinasomeka. Kisha tuma moja moja, ili mtandao ukikatika usirudie zote.

[KENGELE]

MTANGAZAJI: Utajuaje kasi yako ya kupakia? Programu za kupima zipo, lakini kumbuka kipimo chenyewe kinakula kifurushi. Kipimo cha sekunde 10 kwa kasi ya Mbps 10 kinakunywa megabaiti 12.5 kwa upande wa kupakua peke yake. Mwenye kifurushi kidogo asipime mara tano kwa siku.

Njia nyepesi ni hii. Chukua faili la megabaiti 1, mtumie rafiki, uhesabu sekunde. Kwenye WhatsApp litume kama hati, maana picha ikitumwa kama picha programu huibana na kuifanya ndogo. Tuseme limechukua sekunde 16. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Nane ukigawanya kwa 16 ni 0.5. Kasi yako ni nusu megabiti, na hii ni kasi halisi ya mkononi, mizigo ya njiani imeshahesabiwa humo. Hata ukisahau vipimo vyote tulivyotaja, bado unaweza kusema: megabaiti 1 ni sekunde 16, basi megabaiti 48 ni 48 mara 16, yaani sekunde 768, karibu dakika 13.

6. WATU WENGI, BOMBA MOJA

MTANGAZAJI: Kasi iliyoandikwa ukutani ni ya bomba zima. Ukikaa peke yako kwenye bomba la maji, ndoo inajaa upesi. Wakija watu 20 na ndoo zao, maji ni yale yale, foleni ndiyo imebadilika.

Tuseme chumba cha kompyuta kina intaneti ya Mbps 10, na wanafunzi 20 wanaitumia kwa wakati mmoja. Kumi gawanya kwa 20, kila mmoja anabaki na nusu megabiti. Mwalimu ameweka video ya somo ya megabaiti 300. Tatu mia mara 10 ni 3,000. Gawanya kwa 0.5, unapata sekunde 6,000. Hiyo ni saa 1 na dakika 40, na kipindi cha darasa kimekwisha.

Fanyeni hivi. Mtu mmoja apakue kwa niaba ya wote, asubuhi wengine hawajaingia. Akiwa peke yake na Mbps 10 zote, 3,000 gawanya kwa 10 ni sekunde 300, yaani dakika 5. Kisha video igawiwe kwa flashi, memori kadi, au kutoka simu hadi simu bila kutumia intaneti. Bomba limefunguliwa mara moja, ndoo 20 zimejaa.

Hesabu hii inahusu pia intaneti ya setilaiti. Starlink ilianza kutoa huduma Malawi mwaka 2023, na kasi yake hutajwa kwa Mbps kama nyingine. Mtu akikuuzia nafasi kwenye intaneti yake na kukutajia Mbps 100, muulize swali moja kwa adabu: tuko wangapi kwa wakati mmoja? Mkiwa 40, fungu lako ni megabiti 2.5. Inatosha kwa mengi, lakini si 100.

Minara ya simu nayo hugawana. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 ikipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tuko zaidi ya 50,000. Jioni, kila mtu anapopiga simu kwa ndugu aliye mbali, fungu la kila mmoja linapungua. Saa 11 alfajiri mnara ule ule unakupa fungu kubwa zaidi. Pima asubuhi, pima jioni, andika, kisha chagua saa yako.

7. USAILI WA VIDEO UNAKULA KIASI GANI?

MTANGAZAJI: Hadi sasa tumegeuza kasi kuwa muda. Sasa tuigeuze kuwa kiasi, kwa sababu kifurushi kikiisha katikati ya usaili, wa upande wa pili hajui kama ni kifurushi au umekata simu.

Rudi kwenye namba za ukutani. Megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 7.5 kwa dakika. Tuseme simu ya video inavuta megabiti 1 kuja kwako na kusukuma megabiti 1 kwenda kwao. Zote mbili zinakatwa kwenye kifurushi chako. Hivyo ni megabaiti 15 kwa dakika. Usaili wa nusu saa ni 15 mara 30, yaani megabaiti 450. Ukiwa na kifurushi cha megabaiti 500 umevuka, lakini kwa nywele. Usaili ukirefuka hadi dakika 45, unahitaji megabaiti 675, na kifurushi cha 500 kitakufa dakika ya 33.

Ukiona kifurushi hakitoshi, waambie mapema, kwa heshima, kwamba utaanza kwa video ili wakuone, kisha uzime kamera. Sauti hula kidogo sana. Hata tukiipa sauti kilobiti 64 kwa sekunde, ni kilobaiti 8 kwa sekunde, karibu nusu megabaiti kwa dakika. Kwenda na kurudi ni megabaiti 1 kwa dakika hivi. Nusu saa ni megabaiti 30 badala ya 450. Na programu nyingi za leo hutumia chini ya hapo.

Hata kipindi chetu kina uzito wake. Kikirekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, ni kilobaiti 16 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 1 kwa dakika. Dakika 20 ni megabaiti 19 na kitu. Kikirekodiwa kwa kilobiti 64 ni nusu yake. Ukitaka kumtumia shangazi yako aliyeko Bukavu au Bujumbura, sasa unajua bei yake kabla hujabonyeza.

8. NENO “HADI”

MTANGAZAJI: Tangazo likisema “hadi Mbps 10”, soma neno “hadi” kwa makini. Maana yake kasi inaweza kufika huko, wala si ahadi kwamba itakaa huko. Simu ya zamani, ukuta mnene na mnara ulio mbali, vyote hupunguza. Kuna pia vifurushi ambavyo ukifikia kiwango fulani kasi hushushwa, ingawa intaneti haikatwi. Kama imeshushwa hadi kilobiti 128, jua umebaki na kilobaiti 16 kwa sekunde. Ujumbe wa maandishi utapita. Video sahau.

Na wakati mwingine tatizo liko mbali kabisa. Malawi haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake hupita kwenye nyaya za nchi jirani, Tanzania na Msumbiji, hadi kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilikatika. Intaneti ilizorota Tanzania, Msumbiji, na hapa Malawi pia. Siku kama hiyo kuongeza kifurushi hakuongezi kasi. Kifurushi ni kiasi, kasi ni kitu kingine. Usitumie kwacha zako za mwisho kununua mega za kifurushi wakati kilichopungua ni mega za kasi.

[MUZIKI MFUPI]

9. TUKUMBUSHANE

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, kabla hatujaagana:

- b ndogo ni biti, hutumika kwa kasi. B kubwa ni baiti, hutumika kwa ukubwa wa faili na kifurushi. Baiti 1 ni biti 8. Mo ya Kifaransa ni MB.
- Kutoka Mbps kwenda MB/s, gawanya kwa 8. Kutoka MB/s kwenda Mbps, zidisha kwa 8.
- Kutafuta muda: megabaiti mara 10, gawanya kwa Mbps, unapata sekunde.
- Kutafuta kiasi: Mbps mara 7.5 ni megabaiti kwa dakika. Kwa simu ya video hesabu kwenda na kurudi.
- Ukituma, tazama kasi ya kupakia. Mkiwa wengi, gawanya kwa idadi ya watu.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

Swali la kwanza: Simu yako inaonyesha 500 KB/s. Hiyo ni Mbps ngapi?

Swali la pili: Video ya somo ni megabaiti 150, kasi ya kupakua ni Mbps 2. Itachukua dakika ngapi?

Swali la tatu: Una kifurushi cha megabaiti 300. Usaili ni wa dakika 20, megabiti 1 kuja na megabiti 1 kwenda. Uko salama?

Swali la nne, la mazungumzo: Katika kikundi chenu, nani amewahi kwenda Lilongwe kwa ajili ya intaneti? Faili lilikuwa na ukubwa gani? Pigeni hesabu ya faili hilo kwa kasi mliyopima leo mkiwa hapa kambini. Je, safari ilihitajika?

MAJIBU

La kwanza: 500 mara 8 ni kilobiti 4,000, yaani Mbps 4.

La pili: 150 mara 10 ni 1,500. Gawanya kwa 2, ni sekunde 750, dakika 12 na nusu.

La tatu: 15 mara 20 ni megabaiti 300. Kifurushi kitaisha wakati unaagana, na wakiongeza swali moja tu umekatika. Hauko salama. Ongeza kifurushi au zima kamera mapema.

La nne majibu yake mnayo wenyewe.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Kesho ukipita kwenye kibanda na kusikia kijana akilalamika kwamba mega zake haziendi, muulize kwanza: mega ipi, ya kasi au ya kifurushi? Halafu mkae, mpige hesabu pamoja.

[MUZIKI UNAENDELEA HADI MWISHO]